Kosa Nambari 200

Najua wengi wenu mkilifungua gazeti hili la Chama cha Kiswahili huanza na vichekesho, mkaenda kwa mashairi, halafu mkatafuta kama majina yenu yamechapishwa. Si vibaya. Lakini leo naomba mnisikilize kidogo. Kuna usemi unaopendwa sana katika maabara za kompyuta: eti kompyuta haikosei, mtu ndiye hukosea. Nimeusikia tangu kidato cha kwanza, na wengine wameuandika hata nyuma ya madaftari yao. Mimi nasema usemi huo si kweli kabisa, na tena unaweza kumwumiza mtu asiye na hatia.

Kwanza wacha nieleze kompaila ni nini, maana si sote tunaosoma somo la Kompyuta. Fikiria baraza la chifu huku kwetu Kitui. Mgeni kutoka Nairobi anahutubia kwa Kiswahili. Wazee wengine hawakielewi vizuri, kwa hivyo anasimama mkalimani na kuyageuza maneno yake kwa Kikamba. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ni kama wale wazee. Haijui Pascal wala lugha yoyote tunayoandikia programu. Inajua lugha yake ya moja na sifuri basi. Kompaila ndiyo mkalimani. Inaichukua programu uliyoandika na kuigeuza yote iwe lugha ya mashine. Sasa mkalimani akigeuza vibaya, wazee watamkasirikia nani? Watamkasirikia mgeni, na kumbe mgeni alisema sawasawa.

Tena kompaila haiji mikono mitupu. Huja na mkoba wa vipande vilivyoandikwa tayari, kila kimoja kinaitwa yuniti. Ukitaka kufuta skrini au kuandika kwa rangi, huhitaji kujitungia mwenyewe; unaita yuniti na inakufanyia. Vipande hivyo viko chini kabisa, karibu na mashine yenyewe, mahali ambapo wanafunzi kama sisi hatuchungulii. Na shida ikiwa huko chini, wa juu ndiye hulaumiwa.

Sasa nije kwa kisa chenyewe. Muhula wa kwanza mwaka huu chama chetu kiliamua Siku ya Kiswahili ya shule iwe na kitu kipya. Sisi watano wa kidato cha tatu tukapewa kazi ya kutunga programu ya methali. Kompyuta inaonyesha mwanzo wa methali, mgeni anaandika mwisho wake, akipata anaongezewa alama. Tulitumia Turbo Pascal 7, kwa sababu ndiyo iliyomo katika mashine zetu kumi na mbili. Mashine hizo si mpya. Zilikuja shuleni baada ya ofisi fulani kujinunulia nyingine. Ni Pentium 4 zenye Windows XP, na ikifika saa nane mchana joto linazifanya zingurume kama mashine ya kusaga mahindi. Hatulalamiki. Kuna shule hazina hata moja.

Methali arobaini tulizikusanya pamoja, lakini aliyechapa mistari mingi ni mwenzetu mmoja, msichana, kwa sababu vidole vyake ni vyepesi. Kompaila ikaikubali programu bila ubishi. Tukaiendesha. Lo! Hatukuona hata methali moja. Skrini ilitupa maneno kwamba kuna kosa nambari 200, yaani kugawanya kwa sifuri, halafu kimya.

Kugawanya? Katika programu yetu hapakuwa na kugawanya popote. Palikuwa na kujumlisha alama tu.

Bwana mmoja aliyekuwa akija jioni kutusaidia alitazama skrini, programu yenyewe hakuitazama. Akasema jambo liko wazi, kuna mtu amegawanya kwa sifuri, na aliyechapa ndiye ajitafutie kosa lake. Akaongeza ati hiyo ndiyo shida ya watoto wa shule za kutwa, mnafanya kazi huku mnawaza kwenda nyumbani. Yule msichana hakujibu. Aliisoma programu yote mara tatu, akiwa ameweka rula chini ya kila mstari ili asiruke hata mmoja. Siku ya nne hakuja maabara. Nilisikia kwa rafiki yake kwamba anataka kuacha Kompyuta achukue Kilimo, kwa kuwa muda wa kubadilisha masomo ulikuwa haujafungwa. Sina neno na Kilimo, ni somo zuri. Lakini mtu kuacha somo analolipenda kwa kosa ambalo halijathibitishwa, hilo lilinikaa rohoni.

Likizo fupi ya katikati ya muhula nilikwenda kwa mjomba wangu huko Wote, Makueni. Mjomba ni fundi wa redio na simu. Alisoma mambo ya kompyuta katika chuo kimoja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990. Dukani mwake kuna kompyuta kuukuu, Pentium ya megahezi 100, ambayo mteja aliileta na hakuirudia. Nilikuwa nimebeba programu yetu kwenye disketi. Tukaitia, tukaiendesha. Msomaji, methali zilijipanga moja baada ya nyingine, na rangi juu! Ni disketi ile ile, programu ile ile, hata nukta hatukubadilisha.

Mjomba akacheka. Akaniambia, "Mpwa wangu, programu yenu haina neno. Kompyuta za shule yenu ndizo zina mbio kupita kiasi."

Nilidhani ananitania. Tangu lini mbio ikawa kosa? Akachukua karatasi akanichorea, nami nitakueleza nilivyoelewa.

Yuniti inayofuta skrini na kuleta rangi inaitwa Crt. Ndani yake pia mna kazi ya kusubiri, kwa mfano programu ikitaka kutulia sekunde moja. Ili ijue kusubiri, yuniti hiyo lazima ipime kwanza mashine ina mbio gani. Inapima wakati programu inaanza, kabla mstari wako wa kwanza haujaguswa. Saa ya ndani ya kompyuta za aina hii hupiga mara 18 na kidogo kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Basi Crt inazunguka na kuhesabu: nimezunguka mara ngapi kati ya pigo moja na lingine? Halafu inagawanya hesabu hiyo kwa 55 ili ipate mizunguko ya milisekunde moja.

Hapo ndipo shida ilipo. Jibu linawekwa mahali penye nafasi ya biti 16, na nambari kubwa inayoweza kukaa hapo ni 65,535. Turbo Pascal 7 ilitolewa na kampuni ya Borland mwaka wa 1992. Kompyuta za wakati huo zilikuwa za mwendo wa makumi ya megahezi, na jibu lilitosha vizuri na nafasi ikabaki. Baadaye zikaja kompyuta za megahezi 200 na kuendelea. Mizunguko ikipita milioni tatu na laki sita hivi katika pigo moja, jibu la kugawanya kwa 55 halitoshei tena. Ni kama kumimina debe la maji katika kikombe. Prosesa ikiona jibu halitoshei, inapiga kengele. Na kengele hiyo ndiyo ile ile inayopigwa mtu akigawanya kwa sifuri! Makosa mawili, kengele moja. Turbo Pascal ikisikia kengele inaandika kosa nambari 200, inasema umegawanya kwa sifuri, na programu inakufa.

Kwa hivyo ujumbe uliomfukuza mwenzetu maabara ulikuwa wa uongo mara mbili. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri, na aliyegawanya hakuwa yeye. Jibu kubwa mno lilipatikana ndani ya yuniti iliyoandikwa kabla sisi sote hatujazaliwa.

Mjomba aliniambia neno moja ambalo nimelishika mpaka leo. "Usiwaambie wenzako kwamba mimi nimesema. Waonyeshe." Jumatatu niliporudi shuleni tuliandika programu fupi kuliko zote duniani. Inaita Crt, inaanza, inaisha. Hakuna methali, hakuna alama, hakuna kitu. Tukaiendesha: kosa nambari 200. Tukaondoa mstari mmoja tu, ule unaoita Crt. Tukaiendesha tena: ikaanza, ikaisha, hakuna kelele. Tulirudia katika mashine zote kumi na mbili, matokeo yakawa hayo hayo.

Yule bwana alipokuja jioni tulimwita aone. Alinyamaza, akavuta kiti, akaiandika ile mistari michache kwa mikono yake mwenyewe. Kosa 200. Hakusema samahani, lakini pia hakusema tena neno juu ya watoto wa kutwa. Yule msichana alikuja kesho yake. Kilimo hakukichukua.

Hata hivyo kujua ugonjwa si kupona. Siku ya Kiswahili ilikuwa imebaki siku tatu. Mjomba alikuwa amenieleza kwamba kuna watu waliotengeneza viraka vya kuziba tundu hilo ndani ya faili ya Turbo Pascal, lakini sisi hatukuwa navyo, na faili hizo ni mali ya shule, si za kuchezewa. Tukaamua kupita kando. Tuliiacha Crt kabisa. Lakini bila Crt hatukuwa na amri yake ya kufuta skrini. Tukafanyaje? Skrini ina mistari 25, kwa hivyo tuliiambia programu iandike mistari mitupu 25, na maandishi ya zamani yakasukumwa juu yakapotea. Bila Crt hatukuwa na amri yake ya kungoja mtu abonyeze kitufe kimoja, basi tukamwomba mgeni abonyeze Enta. Rangi tulizikosa. Siku ilipofika wazazi walicheza na methali nyeupe juu ya weusi, na hakuna aliyeuliza rangi ziko wapi.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza: je, ni sisi tu huku Kitui wenye vyombo vya zamani tunaopita kando ya makosa ya wakubwa? Nimesoma kila nilichopata, na jibu ni kwamba sivyo hata kidogo.

Mwaka wa 1994 mwalimu wa hisabati nchini Marekani, Thomas Nicely, alikuwa akifanya utafiti wa nambari tasa. Hesabu zake zikakataa kulingana. Alichunguza programu, akachunguza kompaila, akachunguza mashine, mpaka akabaki na prosesa yenyewe. Pentium mpya za kampuni ya Intel zilikuwa zikigawanya vibaya nambari fulani fulani. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727, jibu sahihi huanza na 1.3338, lakini prosesa hizo zilitoa 1.3337. Intel ilikubali kuzibadilisha, na hasara ikafika dola milioni 475. Huku nyuma watengenezaji wa kompaila waliongeza maagizo ya tahadhari kabla ya kugawanya, ili programu iivuke hitilafu hiyo salama. Hapo mkalimani ndiye aliyefunika aibu ya wazee.

Na mara nyingine mkalimani ndiye mwenye aibu. Mwaka wa 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi walivyotengeneza chombo kiitwacho Csmith, kinachotunga programu za lugha ya C kwa kubahatisha na kuzipa kompaila zizigeuze. Walikuwa wamepata na kuripoti hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikujulikana, zikiwemo za kompaila zinazotumiwa na dunia nzima. Wale wanaosema kompaila haikosei wafikirie hesabu hiyo.

Kisha kuna Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991. Usiseme haikuhusu. Kiini chake, kiitwacho kerneli, kimo ndani ya kila simu ya Android, hata ile ambayo mama yako anatumia kupokea M-Pesa. Kerneli ndiyo programu ya chini kabisa inayogawa kazi kwa prosesa. Mwaka wa 2013 iligunduliwa kwamba kompaila ya GCC inageuza vibaya sehemu fulani, pale lugha ya C inapochanganywa na amri za mashine zenye kuruka kwenda mahali pengine. Kerneli haikuweza kungoja watu wote duniani wapate kompaila mpya. Dawa ilitoka kwa Jakub Jelinek, mmoja wa waandishi wa GCC yenyewe: baada ya amri hiyo, weka amri moja tupu isiyofanya kitu chochote. Amri hiyo tupu inaizuia kompaila isichanganye mambo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, nikakumbuka mistari yetu mitupu 25! Mwaka uliofuata, 2014, GCC 4.9.0 nayo ilikosea sehemu ya kerneli inayosawazisha kazi kati ya prosesa. Torvalds akaizima swichi moja ya kompaila ili kosa lisitokee.

Lakini tazama walivyofanya. Juu ya ile amri tupu ya mwaka 2013 waliandika maelezo: ni kasoro gani ya GCC, dawa imetoka kwa nani, na nambari ya ripoti yake, ambayo ni 58670. Yeyote aliyepita pale alijua kwa nini kitu kisichofanya kazi kiliwekwa pale, na alijua pa kutazama kama kasoro imekwisha.

Hapo ndipo naona tofauti kati ya njia ya kando na njia ya panya. Lori likiharibika barabarani, utingo hukata matawi akayapanga nyuma yake, na magari yanapita kando kwa usalama. Matawi yale yanasema: hapa kuna jambo, pita huku. Njia ya panya haina matawi. Anayeipita anajua yeye peke yake, na siku akihama, wanaomfuata wanatumbukia. Programu iliyopita kando ya kosa bila maelezo ni njia ya panya. Mwaka kesho mwanafunzi mwingine ataona mistari mitupu 25, aseme hawa walikuwa wajinga, aifute, airudishe Crt, na akutane na kosa 200. Naye ataambiwa amegawanya kwa sifuri.

Kwa hivyo tuliandika matawi yetu. Aliyeandika ni yule msichana, na alichapa kwa Kiswahili juu kabisa ya programu: "Usiite Crt katika mashine hizi. Zina mbio kuliko Crt inavyoweza kuhesabu, nayo huleta kosa 200. Kosa si lako. Ukipata kompaila mpya, jaribu tena ile programu fupi. Ikipita, ondoa mistari hii." Mwalimu wetu wa Kompyuta akalinakili onyo hilo akalibandika ukutani mwa maabara.

Wengine watasema kupita kando ni uvivu, mtu atengeneze kitu chenyewe. Mimi nawauliza: nani huku Ukambani ameweza kutengeneza mvua? Mito yetu mingi ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Wazee wetu hawakungoja mto ubadilike tabia. Walijenga kuta za mawe katikati ya mito, mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga bila kukaushwa na jua. Ukiangalia kutoka barabarani utasema mto umekauka. Ukichimba kidogo unachota. Mabwawa hayo ya mchanga ni njia ya kando, na yamenywesha watu wa Kitui na Makueni kwa miaka mingi.

Lakini pia nisiwape wenzangu kisingizio. Programu ikikataa, mara nyingi sana kosa ni letu: nukta-mkato imesahaulika au jina limeandikwa vibaya. Mwanafunzi anayesema "ni kompaila" kabla ya kuikagua kazi yake anafanya dhuluma ile ile, ila ameielekeza kwa mashine. Njia ni moja tu. Punguza programu mpaka ibaki fupi kabisa na kosa bado lipo. Ijaribu katika mashine nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ushahidi ukishasema, ndipo unyoshe kidole.

Huko Malili, Makueni, ndiko kunakojengwa jiji la teknolojia la Konza, lililozinduliwa Januari 2013. Tunaambiwa kila siku kwamba kazi zitakuwa huko. Sawa. Lakini kazi hizo hazitamfaa mtu anayesoma ujumbe wa skrini na kuuamini kama hukumu ya mahakama. Zitamfaa yule anayeweka rula chini ya kila mstari, na akikosa kosa katika mistari yake, ana ujasiri wa kuuliza kilicho chini ya mistari hiyo.

Walimu wetu wapendwa, na kaka na dada mnaokuja kutusaidia jioni, nawaomba jambo moja tu kwa heshima. Skrini ikitoa kosa, muulizeni mwanafunzi "umeona nini?" kabla ya "umefanya nini?" Mgala muue na haki yake umpe. Kalamu yangu imekwisha wino, nawatakia muhula mwema.